Barua kwa mwanangu: kanali aliyetetemeka na askari wake

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana na wadogo zako ni wazima. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi, nikaona si wa kujibiwa kwa maneno mawili ya simu. Unasema mmetazama Glory na wenzako hapo Boston, ile filamu ya mwaka 1989 juu ya kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi waliopigania Kaskazini dhidi ya Kusini ya watumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865), na mkabishana mpaka usiku wa manane. Ukaniuliza: "Baba, kwa nini filamu ya askari weusi inaanza na kiwewe cha kanali mzungu? Yeye anaruhusiwa kutetemeka, wao wanatakiwa wawe mashujaa tu. Na mimi nililia kwa ajili yake. Ni haki?"

Nimeitazama tena juzi ili nikujibu nikiwa na uhakika. Nianze na hilo la machozi: huna kosa. Robert Gould Shaw, kanali huyo, si mtu wa kubuni. Alizaliwa Boston mwaka 1837, katika nyumba ya matajiri waliopinga utumwa, akaingia jeshini angali kijana. Tarehe 17 Septemba 1862 alikuwepo Antietam, kule Maryland, ambako watu kama 23,000 wa pande zote mbili waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Kwa siku moja, mama. Yeye mwenyewe risasi iliyokwisha nguvu ilimgonga shingoni. Miezi michache baadaye gavana wa Massachusetts, John Andrew, akamtaka aongoze kikosi cha askari weusi. Kwanza alikataa, kisha akakubali. Alikuwa na miaka 25.

Filamu imeyaonyesha haya kwa uaminifu mkubwa. Unakumbuka anapotibiwa kamkwaruzo kake ka shingoni, huku nyuma ya pazia mwenzake anakatwa mguu kwa msumeno? Unasikia msumeno, unasikia kilio, na daktari anaendelea na kazi yake. Kisha kijana huyo anarudishwa nyumbani kwao, kwenye karamu, watu wamevaa vizuri wanampongeza, na yeye hawezi hata kusimama akasikiliza. Hakuna anayemuuliza ameona nini. Karamuni humo humo ndimo anamokabidhiwa maisha ya watu wengine.

Sasa nenda kwenye ile sehemu ya mazoezi ya shabaha, ambayo katika ujumbe wako hukuigusa. Kwangu mimi filamu nzima imelala pale. Kuna kijana anaitwa Sharts, mwindaji hodari, analenga chupa na kuipata, wenzake wanamshangilia. Kanali anakuja. Anamwambia apakie tena, haraka. Bunduki zao zilikuwa za kushindilia, kama gobore za wawindaji wa kwetu: unang'ata karatasi yenye baruti, unaimimina kwenye mtutu, unashindilia risasi kwa ufito, unaweka fataki, ndipo ufyatue. Askari aliyefundishwa vizuri alitakiwa kufyatua mara tatu kwa dakika. Shaw anachukua bastola, anasimama nyuma ya kijana yule na kuanza kufyatua hewani karibu na sikio lake, huku anapiga kelele: haraka, haraka! Mikono ya Sharts inatetemeka, baruti inamwagika, vicheko vyote vimekatika. Kanali anamwambia meja wake awafundishe watu sawasawa, anaondoka.

Wengi huona pale kamanda mkali anayejua vita ilivyo. Ni kweli, anajua. Lakini mimi namwona mgonjwa. Uwanja wa mazoezi umeshampotea machoni, yuko Antietam, na hofu yake anamtwisha kijana ambaye bado hajaona vita.

Nalijua hili kwa sababu nimekaa kwenye handaki chini ya mtu wa namna hiyo. Machi 1979, katika vita vya kumng'oa Idi Amin wa Uganda, tulipokuwa tunasogea kutoka Masaka kuelekea Kampala, makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia yalituangukia karibu na Lukaya. Kapteni wetu hakuumia hata ukucha. Ila tangu usiku ule alianza kutuamsha kabla ya alfajiri kukagua bunduki. Anaingiza kidole kwenye chemba, anakitoa, anakitazama kwa tochi iliyofunikwa kitambaa. Akiona masizi, unaruka kichurachura mpaka miguu inakataa. Bunduki safi anaikagua mara ya pili, kana kwamba usafi wenyewe unamtia shaka. Siku moja mpishi aliangusha sufuria nyuma yake. Kapteni akajitupa chini, akainuka na vumbi kifuani, akamzaba mpishi kofi. Hakuna aliyecheka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kombania nzima tulikuwa chini ya mtu anayeshtuka.

Ndiyo maana sikubaliani na mwenzako anayesema kiwewe cha kanali kimewekwa ili watazamaji weupe wapate wa kumwonea huruma. Jeshini kidonda cha mkubwa hakibaki kwake, kinashuka ngazi kwa ngazi mpaka kinamfikia aliye chini kabisa. Usipoonyeshwa kidonda cha Shaw, hutaelewa kwa nini kijana mpole, mwana wa wapinga utumwa, anafika mahali pa kuamuru mtu mweusi achapwe viboko.

Hapo kwenye viboko ndipo ninapoanza kukubaliana na wewe. Trip, yule anayeigizwa na Denzel Washington, analetwa mbele ya gwaride kama mtoro. Wanamvua shati, na mgongo tayari umejaa makovu ya zamani, makovu ya utumwa. Hata mwenye kuchapa anasita. Shaw anaamuru iendelee. Trip anamkazia kanali macho muda wote, uso haukunji, mpaka chozi moja linashuka. Baadaye ndipo kanali anapata kuambiwa kwamba yule mtu hakuwa ametoroka, alikwenda kutafuta viatu, kwa kuwa kikosi hakikupewa viatu na miguu ilikuwa inaoza. Washington alipata Oscar kwa kazi ile mwaka 1990, na aliistahili kwa dakika zile peke yake. (Katika historia, viboko vilikuwa vimepigwa marufuku katika jeshi la Marekani tangu 1861. Kwa hiyo tukio lile ni la watunzi, si la kikosi.)

Mgongo ule nao ni kiwewe, mwanangu. Na ukorofi wa Trip, maneno yake makali kwa Thomas, askari mwenzake msomi, kutoamini mtu yeyote, kutotaka kushika bendera anapopewa heshima hiyo, ni maradhi yale yale ya Shaw katika mwili mwingine. Filamu inalijua hilo, maana imetuonyesha mgongo. Lakini kanali akishtuka tunaingizwa kichwani mwake, tunasikia sauti yake ikisoma barua anazowaandikia wazazi. Trip akishtuka tunamwona kwa nje tu, na wenzake wanamwona mkorofi. Kalamu amepewa mmoja.

Na hili linaniuma zaidi kwa sababu wenye kalamu walikuwa wengi. Filamu imewafanya askari wale karibu wote kuwa watumwa waliotoroka. Kikosi cha 54 halisi kilijaa watu huru wa Kaskazini, kutoka Massachusetts, Pennsylvania, New York, Ohio, wakulima, mabaharia, vinyozi, na wengi walijua kusoma na kuandika. Koplo James Henry Gooding, aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za kuvua nyangumi, aliandika barua baada ya barua kwa gazeti la mji wa New Bedford, akieleza maisha ya kikosi tangu mazoezini. Lewis Douglass, mtoto wa Frederick Douglass, yule mtumwa wa zamani aliyekuwa mpinga utumwa mashuhuri, alikuwa sajini meja wa kikosi. Baba yake yumo kwenye filamu, yeye hayumo. Tarehe 20 Julai 1863, siku mbili baada ya shambulio la Wagner, ngome ya jeshi la Kusini kule South Carolina, Lewis alimwandikia mchumba wake Amelia. Alimwambia jinsi watu walivyoanguka pande zote za mwili wake, jinsi kombora lilivyopasuka na kufagia nafasi ya futi 20 kati yao, na jinsi waliobaki walivyojibana tena na kusonga mbele. Namna alivyotoka mle hai, alisema, hawezi kueleza.

Hebu soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mtu aliyetoka kwenye moto siku mbili zilizopita anajaribu kumweleza mpenzi wake, na anashindwa. Unachokililia kwa Shaw kipo hapo, kimeandikwa na mkono wa askari mweusi mwenyewe, na hakuna aliyekipeleka kwenye filamu.

Na mambo ya mshahara ni hivyo hivyo. Waliahidiwa malipo sawa na ya askari wengine, dola 13 kwa mwezi. Walipofika Kusini wakaambiwa ni dola 10, na katika hizo 3 zinakatwa za nguo. Filamu inamwonyesha Trip akiongoza wenzake kuchana hati za malipo, na kanali anachana ya kwake. Ni sehemu nzuri, inasisimua. Ila mambo yenyewe yalichukua mwaka mmoja na nusu bila senti, wake na watoto wakihangaika nyumbani. Jimbo la Massachusetts lilipotaka kujazia pengo, walikataa, kwa sababu fedha haikuwa shida yao peke yake. Gooding alimwandikia Rais Lincoln mwenyewe, tarehe 28 Septemba 1863, akamuuliza wao ni askari au ni vibarua. Katika kikosi kingine cha weusi, cha South Carolina, sajini mmoja, William Walker, aliwaambia watu wa kombania yake waweke bunduki chini kwa ajili ya malipo hayo hayo. Jeshi likauita uasi, likampiga risasi Februari 1864. Miezi minne baadaye, Juni 1864, Bunge likapitisha malipo sawa. Gooding alikuwa ametekwa, akafia katika kambi ya wafungwa ya Andersonville mwezi uliofuata.

Shambulio lenyewe unalijua: jioni ya 18 Julai 1863, ukanda mwembamba wa mchanga kati ya bahari na kinamasi, watu kama 600 wa kikosi cha 54 mbele kabisa, na zaidi ya 270 wakauawa, wakajeruhiwa au wakatekwa. Shaw alifia juu ya ukuta wa ngome. Sajini William Carney wa New Bedford aliishika bendera na kurudi nayo akiwa na majeraha, na nishani ya juu kabisa aliipewa mwaka 1900, miaka 37 baadaye. Wale wa Kusini walimtupa Shaw kaburi moja na askari wake kwa nia ya kumdhalilisha, na baba yake akasema hataki mwanawe afukuliwe, aachwe na watu wake. Kaburi lile filamu imeliweka vizuri, na mimi pia pale nililia.

Babu yako mzaa mama alikuwa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza huku Afrika Mashariki, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani chini ya maofisa Waingereza. Malipo ya askari Mwafrika hayakulingana na ya mzungu aliyelala naye kwenye matope yale yale. Maofisa kadhaa wa majeshi yale waliandika kumbukumbu zao, na watu wanazisoma hadi leo. Babu hakuandika, na hakuna aliyemketisha akamuuliza. Kwa hiyo unaponiuliza ni haki au si haki, najibu nikiwa namfikiria yeye. Nisingekata hata dakika moja ya kutetemeka kwa Shaw. Ningechukua barua za Gooding na za Lewis Douglass, nikaziweka kando ya zake, zisomwe kwa sauti ile ile, na muziki ule ule.

Nina ombi. Wewe uko mji ule ule. Nenda kwenye ule mnara wa Shaw na kikosi cha 54, mtaa wa Beacon, mkabala wa jengo la serikali ya jimbo. Ulizinduliwa mwaka 1897. Wakati ule waliandika majina ya maofisa weupe waliokufa, na majina ya askari weusi hayakuwepo. Yaliongezwa miaka ya 1980, yako upande wa nyuma, na watu wengi hupiga picha mbele na kuondoka. Zunguka nyuma, uyasome, unipigie picha inayosomeka. Kisha itafute barua ya Lewis kwa Amelia, si ndefu, na siku mtakapokaa tena na wenzako muisome kabla ya kuanza kubishana.

Shangazi yako anauliza utarudi lini maana harusi ya binti yake imesogezwa Desemba. Mama anasema usiache kula asubuhi. Na zile dawa zangu za presha ulizouliza, nazinywa.

Wako akupendaye,
Baba