Maswali ya Wasomaji: Nyuso Giza, Asumini Doa Jeupe

SWALI: Assalaam aleykum, mhariri. Siku ya Idd tulikusanyika kwa mama mkwe wangu, Mji wa Kale. Niliwapiga picha watoto na bibi yao wakiwa wamesimama mlangoni, lakini nyuso zao zimetoka nyeusi tititi, ilhali njia iliyo nyuma yao inaonekana vizuri. Jioni nikaupiga mwasumini wake ulioko uani. Majani yametoka safi, ila maua yamekuwa madoa meupe tu. Je, simu yangu ni mbovu, au ninunue kamera?
Mama wa Watatu, Kisauni

JIBU: Waaleykum salaam, dada. Usinunue kitu kwanza. Simu yako ni nzima. Imefanya kosa moja mara mbili, kwa pande mbili tofauti.

Kamera, iwe ya simu au ile kubwa ya kuvaliwa shingoni, aghalabu hupima mwanga wa sehemu kubwa ya kile inachokiona, kisha huutafutia wastani. Pale mlangoni, jua la njiani ndilo lililojaa kiooni, kamera ikaona mwanga umezidi, ikaupunguza, na nyuso zilizokuwa kivulini zikazama gizani. Uani mambo yaligeuka: majani ya mwasumini, ambayo kijani chake kimekolea, ndiyo yaliyotawala, kamera ikaongeza mwanga, na maua ambayo tayari ni meupe yakapoteza kila mstari wa petali zake.

Kwa hiyo gusa kioo kwa kidole palepale penye ua, au usoni mwa bibi, ili simu ijue pa kupimia. Simu nyingi huleta alama ndogo ya jua kando ya mguso huo; iteremshe taratibu mpaka uone mikunjo ya petali imerudi. Ukikosea, kosea upande wa giza, kwa kuwa picha yenye giza kidogo hurekebishika baadaye, lakini weupe uliokwisha kuungua hauna dawa.

Nyuso zina dawa nyingine iliyo bora zaidi, nayo ni kubadilishana nafasi. Simama wewe nje, wao wasimame ndani, hatua moja nyuma ya kizingiti, wakitazama njiani. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na ukuta wa chokaa wa nyumba ya mkabala huurudisha mwanga wa jua ukiwa umelainika, ukawafikia usoni bila kuwafanya wafinye macho. Mimi huupenda mwanga huo kuliko taa yoyote ya studio.

Ua piga asubuhi na mapema, upepo haujaamka, au kuanzia saa kumi na moja jioni, lakini usizembee, kwa sababu magharibi yetu huingia upesi. Mombasa iko takriban nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hukaa utosini na kutia vivuli vyeusi chini ya macho na pua za watu. Usiisogeze simu mpaka ikaribie kuligusa ua, kwani haitaweza kulenga. Rudi nyuma kidogo, kisha kuza picha mara mbili.

Na kwa nini ua peke yake? Mwombe bibi aketi barazani atunge koja, nawe upige vidole vyake vikishika sindano na kitumba ambacho bado hakijafunguka. Usimwambie atabasamu. Keti chini, simu iwe usawa wa mikono yake, upige picha kadhaa mfululizo, maana ile moja nzuri huja baina ya mbili mbovu. Lakini mwombe ruhusa kabla ya kuituma kwenye kundi la familia: mama aliyekaa kwake bila buibui hakukusudia kuonwa na shemeji wa binamu aliyeko Dubai.

SWALI: Kila nikitoka na kamera chumbani chenye kiyoyozi kwenda bustanini kupiga picha za mawaridi, lenzi hutia ukungu. Nifanyeje?
Msomaji, Nyali

JIBU: Lenzi yako ni baridi na hewa ya nje ina unyevu mwingi, ndiyo maana matone hujikusanya juu ya kioo. Tia kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri kabla ya kutoka, uiache humo nje kivulini kama nusu saa ipate joto, kisha ndipo uifungue. Usifutefute kwa kanga, kwa sababu vumbi na chumvi ya pwani hukwaruza lenzi. Ukiiweka kabatini, weka pamoja nayo vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kwani kuvu ikishaota ndani ya lenzi ni kazi ya fundi, na mara nyingi huacha alama.