Wadogo zangu mnaoanza kazi ya vigango

Wiki iliyopita nimeiona tena: picha nzuri ya kigango, ile nguzo ya mbao ambayo Wagiriama wa pwani ya Kenya humchongea mzee aliyefariki, na chini yake kijiji, njia na vipimo vya GPS. Aliyeipiga ni kijana mchapakazi ninayempenda. Aliifuta nilipompigia simu, lakini usingizi ulinikataa.

1. Usikiite pambo. Kigango ni mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, aliyewajia wanawe ndotoni akidai mahali pake. Fikia kwanza kwa wenye boma. Vitambaa alivyofungwa usiviguse, hata kwa kupima.

2. Usikisogeze kutafuta mwanga. Wagiriama wenyewe wakihama huviacha palepale. Ni wafanyabiashara wa sanaa walioamua kwamba kuachwa huko ni kutupwa.

3. Ramani ya mahali isiingie kwenye nakala inayozunguka. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa pili kazini, mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka kwa vigango vya baba yake na babu yake. Nikaandika ripoti safi: penye mbuyu kata kushoto, hatua mia na arobaini, viwili chini ya mkwaju. Hatua zile nilizihesabu mara mbili, nikajivunia. Ripoti ikatolewa nakala, ikapita mikono nisiyoijua. Niliporudi baada ya masika nilikuta mashimo mawili yamejaa maji, na vitambaa vimetupwa kando. Mzee hakunifokea. Aliuliza tu, "Mwanangu, kuna mwingine uliyemwonyesha?" Mjukuu wake alikuwa mgonjwa, na pale bomani, wanakoamini kwamba kigango kikiondolewa huleta maradhi, hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini. Siwezi kuthibitisha kwamba ni ripoti yangu iliyowaleta wezi. Wala sikuweza kumwambia kwamba siyo.

4. Picha pigeni, tena nyingi: kichwa, mgongo, kila mkato wa pembetatu, kila ufa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Viliibwa baadaye, na picha ile ndiyo iliyovitambulisha Marekani, kimoja Illinois, kingine Virginia. Vilirudi 2006 na 2007, mzee mwenyewe keshafariki.

Mzee wangu aliponiuliza kama ninayo picha ya baba yake, nilikuwa nayo moja, ya mbali. Jua lilikuwa linazama, nami nilikuwa nahesabu hatua.