Mama kubanwa kifua: pumu au moshi wa samaki?

Pole sana dada, umeuliza kama kifua cha mama kinabanwa na pumu au na moshi wa kubanika samaki. Mama mwenye pumu tangu utotoni, aliyebanika sangara Igombe, Mwanza, miaka yote hiyo, anaweza kuwa na vyote viwili, pumu na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa (COPD), hata kama hajawahi kuvuta sigara. Dalili za pumu huja na kuondoka. Huo ugonjwa sugu hauachii, unazidi polepole, na moshi wa kuni unatosha kuuleta. Ulizia hospitali ya Bugando kipimo cha spirometri, cha kupima nguvu ya pumzi: anapuliza kwenye mashine, anavuta salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, baada ya dakika 15 anapuliza tena. Pumzi isiporudi kawaida, daktari atashuku huo ugonjwa sugu. Ila pumu ikiwepo, asiachishwe pampu ya kuvuta yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, hata akiongezewa dawa nyingine; hilo mlisisitize. Na kwenye chanja la kubanikia samaki asikae tena, tafadhali.