Mbele ya mti ni upande gani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni huku Kimara. Wageni wa nje huniomba niwaandikie kwa Kiingereza namna ya kufika. Mwezi uliopita niliandika kwamba tupo "in front of Ubungo", na lango letu lipo "in front of" duka la dawa. Mgeni mmoja akashuka Ubungo na mabegi yake, akatutafuta pale mpaka giza likaingia. Alipofika Kimara akasimama kwenye ngazi za duka la dawa, na sisi tuko ng'ambo ya barabara. Kamusi yangu inasema maneno hayo ni "mbele ya". Nimekosea wapi?
Msomaji, Kimara, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole, na umpe pole mgeni wako. Kamusi haikukudanganya, ila imekupa nusu ya habari.

"Mbele" yetu husafiri na mtu. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Morogoro unapita Magomeni, Manzese, Ubungo, ndipo Kimara. Konda akisema Kimara ipo mbele ya Ubungo, basi zima linaelewa kwamba safari bado. Anayetoka Kibaha naye atasema Ubungo ipo mbele ya Kimara, na hajakosea. "In front of" haina mwendo huo. Yenyewe hutafuta uso wa kitu: mlango wa nyumba, pua ya gari, kioo cha televisheni. Ubungo haina uso, kwa hiyo mgeni wako alielewa kwamba mpo palepale Ubungo, hatua chache tu kutoka kituoni. Kwa mambo ya njiani andika "past" au "beyond".

Na kitu kisicho na uso, kama mti? Hapa ndipo penye kazi. Nilipokuwa nafundisha kidato cha pili nilichora ubaoni mtoto amesimama huku, mti katikati, mbuzi kule upande wa pili. Nikauliza kwa Kiingereza: mbuzi yuko mbele ya mti au nyuma yake? Karibu nusu ya darasa waliandika "in front of", nami nikawakata alama wote. Mpaka leo naumia nikikumbuka, maana wale watoto walifikiri sawasawa kwa Kiswahili: ukienda mbele unakuta mti, ukizidi kwenda mbele unamkuta mbuzi. Mwingereza huuchukulia mti kama mtu anayemtazama. Kilicho kati yake na mti ndicho kilicho "in front of" the tree, na yule mbuzi kwake yuko "behind". Nilipaswa kueleza hivyo kwanza, kisha ndiyo nisahihishe.

Duka la dawa ni kosa jingine. Sisi tunaweza kusema "mbele ya duka" hata barabara ikipita katikati, ingawa Kiswahili kina neno zuri zaidi, mkabala. Kwa Kiingereza, kilicho "in front of" duka huwa upande uleule wa barabara, karibu na mlango wake. Cha ng'ambo ni "opposite", au "across from" kama wasemavyo Wamarekani. Na usiandike "opposite of the pharmacy". Hiyo "of" iondoe.

Wengine, wakiogopa "in front of", hukimbilia "before". Angalieni sana. Neno hilo lina heshima yake mbele ya hakimu, kamati au sheria. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na kwa Kiingereza ni "equal before the law". Lakini ukimwandikia dereva "stop before the bank", atasimama kabla hajafika benki.

Kuna na kaneno kadogo "the". "In front of the bus" ni nje, barabarani, mahali pa hatari. "In the front of the bus" ni ndani, viti vya karibu na dereva. Nimewahi kusahihisha insha ambamo bibi wa mwandishi alikaa safari nzima nje ya basi kwa sababu ya "the" moja iliyosahaulika.

Sasa futa ule ujumbe wako, uweke huu: "We are in Kimara, past Ubungo if you are coming from the city centre. Our gate is opposite the pharmacy, on the other side of the road." Ongeza na rangi ya lango, kwa sababu mgeni anayefika usiku hataona maandishi.