Udongo wa pwani: toa chokaa kwanza ndipo upime kaboni 13

Wadau, hii naandika kwa wale mnaofanya utafiti wa udongo, hasa huku pwani, maana mimi nilipoteza miezi kadhaa na sitaki mwingine yamkute.

Nilichukua udongo kwenye shamba la mahindi karibu na bahari, ardhi ile ya mawe ya matumbawe, nikaukausha, nikachekecha, nikapeleka maabara. Majibu yakarudi -6 kwa elfu, yaani kaboni 13 (kaboni nzito) imepungua sehemu 6 kwa elfu ukilinganisha na kipimo cha kimataifa; namba ikiwa karibu na 0 kaboni ni nzito zaidi, ikishuka chini ni nyepesi zaidi. Nikafurahi kweli, nikaanza kuandika kwamba kaboni yote ya pale imetoka kwenye mahindi. Msimamizi wangu akaniuliza kitu kimoja tu, mahindi yenyewe yanasoma ngapi? Ni kama -12. Sasa udongo umetoa wapi kaboni nzito kuliko ya mmea uliooza humo humo? Sikuwa na jibu.

Iko hivi. Kwenye atomu 100 za kaboni, kama 99 ni kaboni 12 na moja ni kaboni 13, nzito kidogo. Hewani hesabu ni kama -8.5. Mpunga, muhogo, maharage, minazi, hii yote inatumia kimeng'enya cha rubisko ambacho kinaidaka nyepesi haraka zaidi, nzito inatoka tena nje ya jani, ndo maana inaishia karibu na -27. Mahindi, mtama na muwa kaboni yao inadakwa na kimeng'enya kingine kwanza halafu inafungiwa ndani kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, rubisko haina pa kuchagulia tena kwa sababu karibu yote iliyoingia inatumika. Rubisko ni ile ile, ila huku kilichokataliwa hakina mlango wa kutokea.

Chokaa ya matumbawe ni habari nyingine kabisa, yaani haijapita kwenye jani. Hewa ukaa ikiyeyuka baharini na kugeuka bikaboneti, kaboni nzito ndiyo inayopenda kukaa kwenye bikaboneti, kwa hiyo chokaa inasoma karibu na 0. Changanya nusu chokaa na nusu mahindi unapata -6. Na kinachonitisha zaidi ni hiki: shamba la mpunga lenye mchanganyiko huo huo litasoma karibu -13, na wewe utaapa kwamba pale palilimwa mahindi!

Kwa hiyo dondoshea asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwenye kila sampuli, ikitoa povu ujue chokaa ipo. Endelea kuongeza mpaka povu liishe kabisa, usiache katikati kwa sababu ya haraka, chokaa kidogo tu iliyobaki inapandisha namba. Suuza kwa maji safi ya maabara, kausha kwa moto mdogo. Kama unaweka asidi ndani ya vikombe vya kupimia tumia vya fedha, vya bati vinaliwa. Na naitrojeni pima kwenye udongo ambao haujaguswa na asidi, tafadhali, maana asidi na kusuuza vinaondoka na sehemu yake.

Sampuli zangu zile zile baada ya asidi zilisoma -14, mahindi kwa wingi na kaboni kidogo ya miti iliyokuwepo kabla ya shamba. Zaidi ya nusu ya kaboni niliyokuwa naiandikia sura nzima ilikuwa matumbawe.