Kwa anayesema metal ni kelele tu: jaribu Master of Reality ya Black Sabbath

Mkuu umeuliza kama kuna albamu hata moja ya metal (yaani roki nzito ya magitaa) ya zamani ambayo mtu anaweza kuisikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kichwa kumuuma, maana wewe unaona zote ni kelele. Mimi nilikuwa huko huko uliko. Binamu yangu ndiye aliyenivalisha hedifoni siku moja akaniambia nyamaza tu usikilize, na kitu cha kwanza nikasikia mtu anakohoa, kikohozi kimoja kinajirudia rudia, nikajua faili limeharibika. Kumbe ni Tony Iommi mwenyewe, mpiga gitaa wa Black Sabbath, bendi ya Uingereza, moshi wa bangi ulimpalia wakati wa kurekodi, wakakichukua hicho kikohozi kikawa mlango wa Sweet Leaf, wimbo unaoisifia bangi bila hata kuzunguka. Halafu gitaa likaingia. Aisee.

Albamu yenyewe ni ya 1971, nyimbo nane, dakika kama 34 hivi basi.

Sasa mimi nachotaka uelewe ni huo uzito unatoka wapi, kwa sababu watu wengi wanadhani ni suala la kufungulia volyumu. Iommi akiwa na miaka 17 alikuwa anafanya kazi kiwanda cha vyuma huko Birmingham, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga kwa kushoto kwa hiyo hivyo vidole ndivyo vya kubonyezea nyuzi. Mtu mwingine angeuza gitaa. Yeye akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vikofia vya vidole, akavifunika na ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza, na ilipofika albamu hii akazilegeza kabisa, nusu sauti tatu chini ya kawaida kwenye nyimbo kama Children of the Grave na Into the Void. Geezer Butler naye akashusha besi imfuate. Ile sauti nzito ya kuburuza ambayo bendi kibao zimekuja kuiga baadaye, chanzo chake ni mtu aliyekuwa anatafuta namna ya kupiga bila maumivu!

Niliwahi kujaribu kuipiga Into the Void kwa tyuni ya kawaida, noti zote sahihi, nikaona mbona inasikika kama wimbo wa watoto. Nikalegeza nyuzi, gitaa likaanza kunguruma na uzi wa juu unatikisika mpaka unagonga shingo, hapo ndio nikaelewa, ila na vidole vinateleza kwa sababu nyuzi hazina tena ukinzani, ni kama kuandika kwenye godoro.

Kitu kingine, hawa jamaa walijua kunyamaza. Embryo haifiki hata nusu dakika, Orchid ni gitaa la akustika peke yake, na kuna watu wanaziruka wakisema ni za kujazia tu, mimi nasema hapana, iruke Orchid uone kama Lord of This World itakupiga vile vile. Solitude ndio usiseme, Ozzy, mwimbaji wao, anaimba taratibu kwa upweke mpaka kuna watu wanabisha kwamba siyo yeye, na ile filimbi unayoisikia ni Iommi huyo huyo anapuliza.

Na kama kinachokutisha ni zile stori za kwamba ni muziki wa shetani, sikiliza maneno ya After Forever, karibu ni mahubiri, inamuuliza msikilizaji kama anamuonea Mungu aibu mbele ya marafiki zake. Butler ambaye ndiye alikuwa mwandishi wao mkuu wa mashairi kalelewa Mkatoliki. Children of the Grave inawaambia vijana wasikubali dunia ya mabomu ya nyuklia.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema anzia Paranoid, albamu yao nyingine. Sawa, ni nzuri na ndio maarufu zaidi, ila ile inakupa nyimbo, hii inakupa sauti.

Usiisikilizie kwenye spika ya simu tafadhali, besi yote inapotea. Weka hedifoni, volyumu ya kati, na ukifika Into the Void subiri pale mwendo unapobadilika ghafla katikati. Bill Ward kwenye dramu ilimtesa hiyo, na ukiisikiliza vizuri utajua kwa nini.