Pemba hadi Tanga kwa ndege: umbali gani, muda gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, natarajia kumpeleka mama Tanga, katika Hospitali ya Bombo, na kwa kuwa mawimbi humchafua moyo ningependa tupande ndege. Nimetafuta mtandaoni umbali wa kutoka uwanja wa Pemba hadi uwanja wa Tanga: tovuti moja inasema maili 45, nyingine maili 52, na ya tatu kilomita 84. Kuhusu muda, moja imeandika dakika 6 na nyingine dakika 36. Nishike lipi? Na tukikosa ndege ya moja kwa moja, kupitia Unguja kutaongeza safari kiasi gani?
Msomaji, Wete

JIBU: Katika umbali, tovuti zote tatu zimesema kweli. Kilomita 84 ni sawa na maili 52 za nchi kavu, na ni sawa pia na maili 45 za baharini, ambazo ndizo wanazotumia marubani na manahodha, kila moja ikiwa na mita 1,852. Huo ni umbali wa mstari ulionyooka kutoka uwanja hadi uwanja, ukikatiza mkondo wa Pemba kuelekea magharibi na kupanda kaskazini kidogo.

Makosa yako kwenye muda. Vikokotoo vya mtandaoni kwa kawaida huchukulia kwamba kila abiria amepanda ndege kubwa ya jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa, na ndiyo maana unapata dakika 6. Vingine huongeza nusu saa ya kuruka na kutua, bila kujali ukubwa wa ndege, na hapo zinakuwa 36. Safari hizi fupi za pwani hufanywa zaidi na ndege ndogo kama Cessna Caravan, yenye injini moja ya pangaboi na abiria wapatao kumi na wawili, ambayo mwendo wake angani ni kilomita 300 kwa saa au zaidi kidogo. Kwa mwendo huo mtakuwa angani kwa dakika 17 hivi; ongeza muda wa kupanda, kushuka na kujipanga na njia ya kutulia, na makadirio ya busara yatakuwa dakika 20 hadi 25. Kusi likivuma kwa nguvu huisukuma ndege iendayo Tanga na kuichelewesha irudiyo Pemba, lakini kwa masafa haya tofauti ni ya dakika mbili tatu tu, haistahili kumsumbua mtu.

Kinachokula muda hasa ni nchi kavu: barabara ya kutoka Wete hadi uwanjani, nje kidogo ya Chake Chake, kisha kuripoti mapema na kupima mizigo, ambayo katika ndege hizi mara nyingi haitakiwi kuzidi kilo 15 kwa abiria. Kwa hiyo miadi ya daktari msiipange kwa kufuata dakika za angani.

Ama kupitia Unguja, viwanja hivi vitatu vimekaa kama mafiga: kutoka Pemba hadi Unguja ni kilomita zipatazo 125, na kutoka Unguja hadi Tanga ni karibu vilevile. Mtaruka kilomita 250, yaani mara tatu ya njia ya moja kwa moja, na bado hatujahesabu kusubiri ndege ya pili. Kabla ya kulipia tiketi, muulizeni wakala waziwazi kama ndege inatua Unguja njiani na kama mtalazimika kushuka na kupanda nyingine.